Maji ya Kwanza ya Majani Yako

Mama,

Nakuandikia nikiwa maabara hapa Bukoba, saa nne asubuhi. Ndani ya kabati la joto kuna vichupa viwili. Baada ya nusu saa nitavitoa, na naogopa nitakachokiona.

Kwanza habari za nyumbani. Mdogo wangu Deusi amepalilia kibanja chote, hata ile migomba ya nyuma uliyokuwa ukimgombeza kwa kuisahau. Zamu yako kwenye shamba la kijiji anaifanya jirani yetu Mama Regina, na ukimshukuru anakasirika.

Mimi bado nafuga panya. Ulivyocheka siku ile! "Waitu, sisi tunawafukuza ghalani, kumbe Serikali inawalisha!" Nikakueleza kuwa ni panya weupe, wa kazi. Panya akishakufa kwa dawa ya usingizi, tunaingiza maji baridi ya chumvi tumboni mwake na kuyavuta tena, nayo hutoka na chembe za ulinzi, zile zinazokimbilia kidonda mpaka kikavimba. Ukasema, "Basi zipe majani yangu, tuone."

Nimezipa, Mama. Daktari wa hapa maabara alikubali tujaribu majani yako ya uvimbe. Juzi niliyachemsha, nikamimina kwenye chembe, kisha nikatia rangi ya buluu. Chembe iliyo hai huikataa rangi ile, iliyokufa huinywa. Zote zilikuwa buluu. Daktari akaandika kwenye daftari: sumu.

Moyoni nilibisha, maana umetibu magoti ya nusu ya watu wa Buganguzi. Ila nilipokuwa naosha sufuria nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Maji ya kwanza ni ya kibanja, usimpe mtu." Nilisahau kuyamwaga na kuchemsha mara ya pili. Nikakaa sakafuni. Si kwa sababu ya daftari.

Ni goti lako. Wiki ile ya mwisho nilikuja likizo nikakuta limevimba na homa imekupanda, huwezi hata kuniagiza. Nikayachemsha majani mwenyewe. Ulikunywa kikombe kizima, ukanishika mkono. Siku ya tatu ukatutoka. Je, maji ya kwanza niliyamwaga? Naukumbuka moshi, namkumbuka Deusi akikimbia kumwita padre. Maji siyakumbuki.

Ndiyo maana leo vichupa ni viwili. Kimoja kina maji ya kwanza, cha pili kina maji ya pili.

Muda umefika. Ngoja.

Nimetazama, Mama. Kwenye maji ya pili chembe ziko hai, angavu, zimetulia. Ulikuwa unajua ulichokifanya. Kwenye maji ya kwanza ni buluu tupu.

Daktari anasema chembe za panya si mtu, na homa ile ingekuchukua tu. Labda. Lakini nimetoka nje kumwaga maji ya kwanza yaliyobaki sufuriani, yakafanya povu zito juu ya udongo. Maji ya pili hayana povu. Povu lile nalijua. Nililipuliza pembeni ya kikombe chako, ili unywe vizuri.

Nisamehe, Mama. Kwenye daftari, chini ya neno sumu, nimeandika agizo lako lote, na jina lako. Jumapili nakuja nyumbani Muleba kumwambia Deusi kwa mdomo wangu mwenyewe. Na nakuahidi, hakuna atakayekunywa majani yako mikononi mwangu kabla kibanja hakijanywa kwanza.

Lala, Mama. Goti lisikuume tena.

Mwanao,
Filomena