Serikali Imekonda

Jumatatu, 3 Machi
Hospitali ya serikali tangu saa moja asubuhi. Mke wangu kalala kando ya mashine inayomsafishia damu, mrija mkononi. Kila Jumatatu na Alhamisi, bure. Nimemwambia hiyo mashine ndiyo mume wake wa pili, tena inamshika mkono kuliko mimi. Kacheka mpaka mrija ukatikisika. Nesi kanifukuza – eti nachekesha wagonjwa!

Jumapili, 9 Machi
Mwanetu kaja na makaratasi. Yuko ofisi ya takwimu. Mimi humwita Bwana Asilimia. Sasa kapewa kazi ya kupima ukubwa wa serikali. Nikamuuliza, mnapima kwa futi au kwa mizani? Akanieleza polepole, kama mimi ndiye mtoto: unachukua yote serikali inayotumia kwa mwaka, unalinganisha na yote nchi inayozalisha. Imetoka thelathini na moja kwa mia. Wakubwa wanataka ishuke chini ya thelathini kabla wakopeshaji wa nje hawajafika kukagua. Macho mekundu, chai hajaigusa.
Mimi niliishia darasa la nne, lakini mchoro kwenye karatasi zake nauona. Nguzo nguzo, fupi na ndefu. Nikaweka kijiko juu ya ndefu kupita zote. Hii nene itoeni nje, mtakuwa wembamba kama mshumaa!
Hakucheka. Alikitazama kile kijiko muda mrefu.

Jumatano, 19 Machi
Nyama kilo mbili! Bwana Asilimia kapandishwa cheo. Eti, baba, wewe ndiye uliyenipa wazo. Kuna kanuni: chombo kikiuza huduma, kikajilipia zaidi ya nusu ya gharama zake, hakihesabiwi tena ndani ya serikali. Kwa hiyo ile nguzo ikitolewa, serikali inashuka mpaka ishirini na tisa, na hafukuzwi mtu. Nikamwambia basi nusu ya cheo ni yangu. Mama yake kaonja mchuzi tu, daktari kamkataza chumvi.
Sikuuliza ile nguzo ilikuwa ya nini.

Jumatatu, 31 Machi
Karatasi mlangoni mwa wodi. Nimeisoma neno kwa neno, kidole juu yake. Kuanzia kesho hospitali zinajitegemea, kila mgonjwa alipie kabla ya huduma. Mashine kwa wiki moja – pensheni yangu ya mwezi mzima! Nikamuuliza nesi nani kaamua. Hajui. Naye kapewa mkataba mpya, wa miezi mitatu.
Nimempigia mwanetu. Akasema: ile nguzo, baba, ilikuwa hospitali. Aliandika wagonjwa wa mashine wasamehewe. Wakubwa wakakifuta kipengele – hao wakisamehewa, ile nusu ya gharama haifikiwi.
Kijiko changu. Mdomo wangu huu!
Mke wangu kauliza karatasi inasemaje. Nikamwambia wanakataza viatu vichafu. Katazama vyangu.

Alhamisi, 3 Aprili
Tuko kwenye benchi, saa nne sasa. Mashine naiona kupitia kioo. Haina mtu, kitanda kimetandikwa vizuri. Dirisha la malipo nimetoa pesa nilizonazo, karani kazisukuma zikarudi: mzee, bado robo, siruhusiwi. Mwanetu kasema analeta zilizobaki, ana shughuli kidogo, tusubiri. Miguu ya mke wangu imevimba, kandambili haziingii. Nimemtania kwamba anataka viatu vipya. Anapumua kwa mdomo.

Redio ya karani inaongea. Ghafla – sauti ya mwanetu! Ndiyo shughuli yenyewe. Anawaeleza wananchi serikali imepungua, ishirini na tisa, haijawahi kuwa ndogo hivi. Foleni nzima imeguna. Mmoja mwenye mkongojo katukana, tusi zito, la mama.
Mke wangu kaitambua sauti. Kajiinua, kanyoosha shingo, anatabasamu! Masikio yake siku hizi hayanasi maneno. Kaushika mkono huu ninaoandikia, anauvuta: mzee, acha kuchorachora, hebu niambie, mwanangu anasema nini?