Sifa za Kocha Bora

Jumamosi jioni

Nimeoga mara mbili na tope bado limo kwenye kucha.

Wiki nzima tumebishana chumba cha walimu: kocha bora wa mpira wa vikapu chuoni awe vipi? Mkuu wa chuo alisema awe mrefu. Bwana Omari wa useremala akasema awe na sauti. Mimi, kocha mwenyewe, nilisema awe na mbinu, nikachora mishale ubaoni mpaka chaki ikaisha.

Bi Zuhura wa maktaba, mzaliwa wa Mbwajumali kisiwani Pate, aliuliza tu: "Kocha, ndia ya Pate ni maji. Jumamosi yanajaa saa ngapi?"

Tulicheka. Nilimjibu, mimi mtu wa Nyeri, kwamba tunaenda Pate kucheza, si kuvua.

Leo maji yamekupwa tukiwa katikati ya mikoko. Boti imekwama saa nne nzima. Vijana wakanitazama, nikashuka kusukuma kwa kuwa ndimi mrefu. Tope likanifika kiunoni. Wenyeji wetu wamepewa ushindi wa bure.

Naiogopa Jumatatu. Mkuu anataka ripoti. Nimeshaandika sentensi ya kwanza, na ni kweli tupu: hatukufungwa hata kikapu kimoja.