Kofia Yako ya Harusi na Matundu Yake

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
12 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Amjad,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Maskati, na joto lenu hilo? Sisi wazima, alhamdulillah. Mama anakula vizuri na ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nakuandikia habari ya kofia yako ya harusi. Mama alikuahidi tangu uko shule kwamba atakushonea kwa mkono wake, kama ile aliyomshonea marehemu Baba walipooana. Lakini tangu kiharusi kile, mkono wa kulia haushiki sindano. Amejaribu mwezi mzima. Siku moja nilimkuta kitandani, kitambaa mapajani, analia. Alinikataza nisikuambie.

Basi nikaipiga picha kofia ya Baba kwa simu, nikampelekea Pantaleo, fundi wa hapo chini anayedarizi sare za shule kwa mashine ya kompyuta. Nilidhani ni kazi ya kubonyeza tu. Alinicheka. Mashine ile haisomi picha, inasoma faili la mishono: sindano ishuke wapi, igeuke wapi, uzi ukatwe wapi. Akaiachia kompyuta yenyewe igeuze picha kuwa faili, tukadarizi ya majaribio.

Mama aliipapasa, akanirudishia.

"Imezibwa hii. Mwanangu aoe huku kichwa kinamchemka?"

Kweli, kompyuta iliyaona yale matundu ya kupitisha hewa ikadhani ni nukta, ikayajaza uzi yote.

Nikampandisha Pantaleo nyumbani na kompyuta yake. Siku tatu amekaa sebuleni na Mama. Anafika, "Shikamoo Mama, leo tunaanzia wapi?" Mama anamwonyesha kwa kidole: anzia hapa, zunguka tundu, usikatize katikati, rudi. Naye anaupanga upya kila mshono. Akikosea anafokewa kama mimi. Nilikuwa jikoni nachemsha chai, nikalia kidogo, kaka, kwa furaha. Sijamsikia Mama akiamrisha watu hivyo tangu augue.

Faili nimekutumia kwa barua pepe, litunze, wanao watalihitaji. Kofia imo humu kwenye kifurushi. Sikufichi, imedariziwa na mashine, na Mama anaogopa utaona hakutimiza ahadi.

Mpwa wako Suud anakusalimu na anaulizia viatu ulivyomwahidi, usijifanye umesahau. Msalimie sana wifi yangu Nasreen. Mola awape nyumba yenye utulivu na vicheko.

Kabla hujaivaa, igeuze. Karibu na ukingo kuna tundu moja limekaa upande, uzi wake umejikunja. Hilo halimo kwenye faili, Mama alimwamuru Pantaleo aliruke. Amelishona mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kuanzia Adhuhuri hadi Magharibi, mimi nikimshikia kitambaa. Usimruhusu mtu yeyote alinyooshe.

Mdogo wako akupendaye,
Wafa