Walivyomgeuka Lewa

Jumapili, 3 Agosti 1986

Sauti imekwisha kabisa. Tumeshinda! Fainali ya kwanza ya Kombe la Makampuni la mpira wa kikapu imekwenda kwa Chumvi, timu ya kampuni yetu, na tumewafunga watu wa hoteli hapo hapo kwao Malindi. Bado mbili. Tukichukua moja tu, kombe linakuja kwetu Marereni.

Hoteli wana yule Dedan Thuku waliyemleta kutoka bara. Mrefu huyo, mpaka refa anamwangalia kwa kuinua kidevu. Analipwa kucheza tu, hata sanduku la mgeni hanyanyui. Na sisi tuna nani? Tuna ndugu yangu Lewa, kibarua, anayevuta chumvi kwa reki tangu alfajiri na kushika mpira jioni. Leo amempita Dedan kama anapita mlango ulio wazi.

Mimi na rafiki yangu Waruguru ndio tulioongoza nyimbo. Ule niliotunga mwenyewe wameuimba mpaka watu wa hoteli wakanyamaza. Mzee Tsuma, anayevuta reki pamoja na Lewa, amembeba mabegani na mgongo wake ule mbovu. Hata Bwana Maina, msimamizi wa vibarua na wa timu, amenipa mkono. Sijawahi kupewa mkono na Maina.

Jumapili, 10 Agosti

Tumefungwa. Kikapu kimoja tu!

Mwisho kabisa Lewa alipewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza uligonga chuma. Wa pili ukazunguka, ukazunguka, ukatoka. Upande wetu wote ukawa kama msibani. Kwenye lori Tsuma peke yake ndiye aliyemwambia kuwa bado iko moja.

Nimemkanda miguu kwa maji ya moto. Chumvi imemla nyayo, nyama nyekundu iko nje. Ndiyo hiyo miguu anayorukia.

Jumatatu, 11 Agosti

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi tuko bandani tunashona midomo ya magunia, Waruguru akasema, bila kuniangalia, kwamba Lewa alionekana wiki iliyopita akitoka ofisini kwa meneja wa hoteli. Kwa hiyo mitupo ile hakuikosa. Aliiuza. Nikamwambia ana wazimu. Mpaka saa ya chakula banda zima lilikuwa linanong'ona, na mimi nimekaa katikati kama aliyeiba.

Jioni nikamuuliza Lewa. Akasema ndiyo, alikwenda. Hoteli itamwandika kazi ya kudumu baada ya fainali, ya kuangalia bwawa la kuogelea. Atapewa sare na viatu.

Na mimi hukuniambia! Mimi Mapenzi, dada yako!

"Ningekwambia," akasema, "ungeimba vipi Jumapili?"

Nikamuuliza kama aliuza mechi. Aliniangalia vile anavyomwangalia mtu asiyemjua. Akasema hapana. Namwamini. Hasira lakini iko palepale.

Jumatano, 13 Agosti

Nguo zangu nilizoanika nimezikuta chini, zimepakwa tope la mabwawa ya chumvi. Leso mpya pia. Hilo tope halitoki, linakauka na kukatakata kitambaa.

Kwenye mfereji wanawake wananyamaza nikifika. Bandani Waruguru amehamisha kigoda chake. Waruguru! Alipojifungua, mama yake akiwa mbali huko Nyeri, ni nani aliyemchemshia uji? Na leo anapitisha uzi kama hanioni.

Habari ya kazi ya hoteli imekwishaenea, na jioni Tsuma akaja mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa taabu. Nilidhani amekuja kutukana, na nilikuwa nimejiandaa. Hakutukana. Alikuwa amevua kofia.

"Mimi wiki nzima nachimba chumvi nikingoja Jumapili, nimwone huyu kijana wetu," akasema. "Sasa akienda, Mapenzi, mimi nitangoja nini?"

Akavaa kofia akaenda zake. Na hilo nalo limenikasirisha, kwa sababu ningeweza kumchukia vizuri tu kama asingekuja.

Ijumaa, 15 Agosti

Wamempiga.

Alikuwa anatoka kazini peke yake, maana siku hizi hakuna anayetembea naye. Walimtokea watatu nyuma ya rundo la chumvi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimechanika na kuvimba kama ndizi. Anawajua, hataki kuwataja. Anasema ni watu wanaokula naye chakula kibandani.

Nikaenda mbio ofisini kwa Maina. Nikamweleza. Nilitaka aite askari, aite watu, apige hata meza. Unajua aliniuliza nini?

"Mkono upi?"

Nikasema wa kushoto. Akashusha pumzi. Akasema basi si mbaya sana, Lewa anatupa kwa kulia.

Hapo nikasema yote. Kwamba miaka yote hii mmemweka kibarua, leo yumo kesho hayumo, na kombe mnalitaka. Kwa nini hamkumwandika? Asingekwenda kwa mtu! Akasema tutalizungumza baada ya fainali. Mwaka jana alisema hivyo hivyo. Nilitoka bila kuaga. Mlango nikaubamiza, na ukarudi wazi kwa sababu komeo lake ni bovu. Nikaubamiza tena.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwambia asiende. Wacha wafungwe kumi kwa mia, wajue. Anasema atacheza. Kwa ajili ya nani? Ya hao?

"Ni mechi yangu pia," akasema.

Sawa. Lakini mimi siimbi. Akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Mimi sikucheka.

Jumapili, 17 Agosti

Niandike upesi.

Nilimfunga vidole kwa kipande cha ile leso iliyoharibika. Kwenye lori la mashabiki nilipanda mwisho, nikasimama nyuma. Hakuna aliyenipisha.

Alipoingia uwanjani walimzomea. Watu wetu! Wenye jezi ya Chumvi! Kila akigusa mpira, "Msaliti, msaliti." Mashabiki wa hoteli nao wakampigia makofi, ndiyo ikawa mbaya zaidi. Wenzake wakaacha kumpasia. Kipindi cha kwanza alizunguka kama mgeni aliyekosea nyumba, na tulikuwa nyuma sana. Nilikuwa nimekunja mikono, nimeuma meno mpaka taya linauma.

Kipindi cha pili akaacha kungoja pasi. Akawa anaupora mpira mikononi mwa watu wa hoteli na kwenda nao mwenyewe. Kikapu. Wakazomea. Kikapu tena. Wakazomea, lakini si wote. Akamruka Dedan mbele yangu kabisa, nikaona kile kitambaa kimelowa damu, na mpira ukaingia bila kugusa chuma. Hapo kukawa kimya. Halafu sauti moja ikaanza wimbo wangu, maneno yangu mwenyewe. Nikageuka. Waruguru, amesimama juu ya benchi, machozi yanamtoka. Wote wakadakia. Wale wale! Tsuma alikuwa anapiga debe kwa ngumi zote mbili.

Sikufungua mdomo. Wimbo wangu, na mimi peke yangu siuimbi.

Tumeshinda. Mchezaji bora wa fainali ni Lewa. Dedan Thuku alikuja kumpongeza, akauchukua ule mkono wa kushoto, akauona. Akauliza, "Nani kakufanyia hivi?"

Adui ndiye aliyeuliza. Katika watu wote wale, yeye tu.

Halafu Maina akashika kipaza sauti. Akatangaza kwamba Lewa haendi popote, kesho kampuni inamwandika. Kelele zilizopigwa hapo sijawahi kuzisikia. Nilimtazama Lewa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alikuwa amesimama na kombe mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe.

Sasa tuko nyumbani, jua linazama. Wako mlangoni. Wamekuja na ngoma, na kombe wamelijaza pombe ya mnazi. Nadhani hata wale watatu wamo, na wanaimba kuliko wote. Waruguru ananiita nitoke niongoze, anasema bila mimi wimbo hauendi. Naandika kwa sababu nikiiacha kalamu itanibidi niinuke, na nikiinuka sijui nitamkumbatia au nitamzaba kofi.

Lewa amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni. Ameniambia hoteli wanamngoja kesho asubuhi. Ahadi ya Maina ameisikia, na hajui aiamini au asiiamini. Anasema ya hoteli nayo ni ahadi tu.

Tsuma hapigi mlango kama wengine. Anasema tu, polepole, "Mapenzi, mwambie atoke kidogo tumwone."

Lewa ametoa mguu mmoja majini. Ananitazama.

"Wewe unataka niende, au nibaki?"

Nataka kusema nenda. Wiki nzima nimekuwa nikilisema hilo moyoni, kwa matusi. Lakini kila nikifungua mdomo nasikia sauti ya Tsuma mlangoni. Huko nje wameanza ubeti wa pili na wanaukosea, wameruka jina lake, na Lewa bado ananitazama, anangoja. Naweka kalamu chini.