Kitunguu cha Bi Mwanaidi

Shikamoo, dada Zuhura.

Huku Baleni situlii, kila saa nachungulia vikombe vyangu. Napima kama ina sumu ile dawa ya majani anayochemsha Bi Mwanaidi, mwenyeji wangu: kitunguu kimoja nimekikalisha juu ya maji, kingine juu ya dawa. Cha maji kimeshusha mizizi kama ndevu. Cha dawa hakijatoa hata mmoja, na kama dawa imeharibu kromosomu zake sitajua mpaka nirudi kwenye darubini ya chuo.

Leo nimekuta kikombe cha dawa kimejaa pomoni.

"Mwanangu, hiki kinaumwa," akaniambia Bi Mwanaidi, "nimekiongezea dawa."

Iliyobaki akainywa yeye.

Kitunguu si mtu, najua. Wabusu wanao, dada, na uniombee nipate ulimi wa kumwambia kabla hajachemsha nyingine.

Mdogo wako,
Rehema