Shemeji Alinifundisha Programu Moja, Nami Naandikia Nyingine Kisirisiri

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijamuumiza mtu aliyenitendea wema ambao mpaka leo nikiukumbuka machozi yananilenga.

Mimi ni mkaguzi wa lifti, bado mgeni kazini, na kila nikimaliza kukagua kamba za chuma, breki na milango lazima niandike ripoti fupi ya kurasa mbili tatu, na lifti haifunguliwi mpaka ripoti imfikie msimamizi wa jengo, sasa mimi kuandika kulinipiga chenga tangu shule, na aliyenitoa huko ni shemeji yangu, mke wa kaka, mhadhiri wa hisabati, ambaye kila Jumamosi aliniketisha kwenye meza yake ya jikoni, mtoto mmoja mapajani na mwingine akichorachora karatasi zangu, akanifundisha LaTeX, ile programu ya kupanga kurasa ambayo unaandika maneno yako pamoja na amri, kisha yenyewe inakupangia vichwa, majedwali na namba za kurasa. Hakuwahi kunicheka. Nikikosea alisema, "Shemeji, hilo kosa hata mimi lilinitoa jasho, hebu tuliangalie." Kazi niliipata kwa ripoti ya mfano niliyoiandika pale mezani, na siku hiyo yeye alifurahi kuliko mimi.

Tatizo ni kwamba nikiwa peke yangu programu inanishinda, nikisahau kufunga mabano napewa ukurasa mzima wa malalamiko nisiyoyaelewa, na jedwali langu la vipimo linahama lenyewe linakwenda kukaa chini ya sahihi yangu, na juzi lifti ilikuwa nzima kabisa, nimeikagua na nimeridhika, lakini nilikaa asubuhi nzima nabembeleza jedwali huku wapangaji wa ghorofa za juu wanapanda ngazi na mizigo, na mama mmoja mjamzito ameketi kwenye kidato anahema, nikaona aibu. Mkaguzi mwenzangu akaniambia, "Kaka, watu watazimia hapa kwa ajili ya jedwali lako, jaribu hii," akanionyesha Typst, programu mpya zaidi, ambayo nayo ina amri lakini fupi, ukikosea inakuonyesha mstari wenye kosa, na ukurasa unaubadilisha huku unauona. Ripoti ilikwisha kabla chai haijapoa. Nilifurahi, halafu nikajiona msaliti. Sasa shemeji akiuliza kama LaTeX inakwenda vizuri namjibu inakwenda, naye ameanza kuniandalia masomo ya mbele zaidi, anaweka kando mitihani ya wanafunzi wake kwa ajili yangu. Nichague ipi, mshauri, na nikichagua ile mpya nitamtazamaje usoni?

Mkaguzi asiyetaka kuwa mtovu wa fadhila

JIBU

Mkaguzi wangu, wanaoniandikia kuhusu mashemeji kwa kawaida huniletea ugomvi. Wewe umeniletea shukrani iliyokukwama kooni, na barua yako nimeisoma nikitabasamu. Hata hivyo leo nitakugombeza.

Swali la kwanza ni jepesi. Unaandika kurasa mbili tatu, ndiyo kwanza unaanza, ukikwama na LaTeX kazini huna wa kumuuliza, na watu wako kwenye ngazi. Tumia Typst. LaTeX ni programu nzuri, na siku ukiandika kitabu, au makala ya jarida linaloidai, utairudia bila kinyongo. Kwa sasa tengeneza kiolezo kimoja: jina la jengo, vipimo, kasoro, uamuzi wako, sahihi. Baada ya hapo koma kuchezea herufi na pambizo. Msimamizi wa jengo anataka kujua kama breki zinashika, basi.

La pili ndilo linalokunyima raha, na ni la kujitakia. Kubadilisha programu si kumkosea shemeji yako. Unamkosea unapomwambia mambo yanakwenda, huku unamwona anaacha kazi zake akuandalie somo usilolihitaji. Tena unamdharau kidogo. Mtu aliyekuvumilia namna ile unadhani atanuna kwa sababu ya programu? Alichokufundisha ni kupanga mawazo: kila sehemu na kichwa chake, kila jedwali na maelezo yake, maneno kwanza na urembo baadaye. Hayo yote umehama nayo, ndiyo maana hiyo mpya uliishika upesi hivyo. Mwenzako mshukuru pia, lakini alikuta shamba limeshalimwa.

Kwa hiyo Jumamosi hii nenda mapema, kabla hajaanza kukuandalia somo jingine. Chukua ripoti moja uliyoichapisha kwenye karatasi. Usizungushe maneno. Mwambie, "Shemeji, nimehamia programu nyingine na nilikuficha, nisamehe. Hii ni ripoti yangu ya wiki hii. Nimeiandika mwenyewe, bila msaada wa mtu."

Kisha mwache aisome. Mimi nilifundisha miaka mingi kabla ya kuja gazetini, na maneno hayo, "nimeiandika mwenyewe, bila msaada wa mtu," niliambiwa na wanafunzi wangu mara mbili tu, na sijayasahau.