Ulisema Tutazungumza Ukirudi

Baba Zuhura,

Assalamu alaykum huko uliko. Sijui kama salamu ya mtu aliye hai hufika, ila nimezoea kuanza hivyo na sina njia nyingine ya kukuita.

Bado nimekaa eda. Nguo nyeupe, wanja hakuna, udi hakuna, mlango wa mbele naupita kwa macho tu. Mama yako amehamia kwetu hapa Tongoni kunichunga, na ananichunga kweli. Zuhura analala na shati lako. Nilimwambia anipe nilifue, akanuna siku nzima, basi nimemwachia.

Lakini nimekaa kukuandikia kwa jambo moja, nalo unalijua. Lile la masomo.

Asubuhi ile nilikuambia nimeitwa kwenye usaili. Shahada ya uzamivu ya uandishi wa Kiingereza, chuo cha nje, unasoma ukiwa kwako, kazi unatuma kwa mtandao, na ada yake nafuu kuliko zote nilizoziona. Mshahara wa mwalimu wa sekondari ungeimudu kwa kujibana. Ulikuwa unavaa viatu uende Muheza kwenye biashara yako ya machungwa. Hukuniangalia. Ukasema, "Hilo tutalizungumza nikirudi." Ukatoka. Adhuhuri nikapigiwa simu kwamba umeanguka pale yanapopakiwa malori, na hukuamka tena.

Sasa niambie, ulikuwa unataka kuzungumza nini?

Nimeligeuza hilo neno lako mpaka limechakaa. Nafundisha watoto ufahamu, nawaambia tafuteni maana katika maneno yenyewe, na miye mwenyewe nimeshindwa na maneno matatu ya mume wangu. Kuna siku naona ulikuwa unakataa, maana mtu anayekubali hukubali palepale. Kuna siku naona ulikuwa na haraka tu. Mara nakumbuka uliacha nusu ya chapati, weye usiyeacha kitu sahanini, nasema huyu alikasirika. Halafu nawaza, pengine kifua kilikuwa kimeshaanza kukubana na hukutaka kunitia hofu, na hapo sielewi tena nimekasirikia nini. Maana nimekukasirikia, Baba Zuhura. Wallahi nimekukasirikia, halafu nalia.

Wenye kujua mawazo yako wamejaa nyumbani. Mama yako anasema mwanawe hakutaka mke wa kusoma mpaka uzeeni. Dada yako Mwanaisha anasema kule Muheza ulikuwa ukiwatambia wachuuzi wenzako kwamba mkeo atakuwa daktari wa vitabu, mpaka wakakuchoka. Miye hukuniambia hata moja katika hayo. Nimwamini nani?

Siku ya usaili ikaja nami nimo edani. Nikiahirisha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Na chuo kilitaka nionekane kwenye kompyuta, waulizaji wenyewe wanaume wawili na mwanamke mmoja. Mama yako akasema mjane hawapi uso wake wanaume asiowajua, wawe sebuleni au wawe ndani ya mashine, ni yale yale. Mwanaisha akampigia simu maalimu wa msikitini. Maalimu akasema nikijisitiri vizuri hakuna ubaya. Mama yako akasema maalimu bado kijana. Nikajua yamekwisha. Nikaingia chumbani nikalala, na kuna kipande cha moyo wangu kilifurahi, kwamba sasa si mimi niliyeamua.

Nilipoamka nikamkuta mama yako amesimama juu ya stuli anatundika pazia katikati ya sebule. Lile la kijani la chumbani kwetu, ulilosema linafanana na la hospitali. Kompyuta upande mmoja, kiti changu upande wa pili. Ati shangazi zake zamani ndivyo walivyozungumza na wageni wa kiume, sauti inapita, uso haupiti. Akatandika mkeka, akakaa kando yangu na tasbihi yake.

Basi maprofesa wakalisaili pazia. Wa kwanza akakohoa, akaniomba niwashe kamera. Nikamwambia imewashwa. Nikaeleza kwamba mume wangu amefariki, kwamba huku kwetu mjane hukaa ndani, na kwamba hapa nilipo ndipo nyumba yangu iliponiruhusu. Kiingereza changu chote cha darasani kikanikimbia, nikabaki na kile cha kuombea maji. Yule mwanamke akauliza kama jamaa zangu wanayaunga mkono masomo haya. Mama yako akaninong'oneza, anasemaje huyo? Nikamwambia anauliza kama nyumbani wameridhia. Akavuta tasbihi kidogo, punje mbili tatu. Akasema, "Mwambie pazia nimelitundika mimi."

Nikatafsiri hivyo hivyo.

Mbona hakusema ndiyo? Nilimwuliza baadaye, kasema nisimchoshe, na kwamba yule profesa anayekohoa anywe tangawizi. Nyinyi watu wa ukoo huu mna nini na majibu ya moja kwa moja?

Nimepata nafasi. Jibu lilikuja juzi, nami nilidhani nitafurahi. Nikageuka nikutafute nikuambie, nikaona kiti chako, nikakumbuka. Wanataka nithibitishe kesho. Sijui kama nasoma kwa kuwa napenda, au kwa kuwa nyumba imekuwa kimya mno, au ni kukubishia weye ambaye huwezi kunijibu. Labda vyote. Kichwa changu hakitulii, ukinisikia nikisema jambo asubuhi, jioni nimeshalikana.

Lakini nitathibitisha. Sura ya kwanza ya kazi yangu ya chuo nitaiandika juu ya asubuhi ile, viatu na chapati, na nikimaliza nitakusomea hapa sebuleni kwa Kiswahili, kwa sauti, hata mama yako akidhani nimepagawa.

Mola akulaze pema, mume wangu. Kama ulikuwa unakataa, unisamehe. Kama ulikuwa unakubali, ungeniambia tu, ningekuongezea chai. Ahadi yangu ni hii: sitamruhusu mtu mwingine anisemee ulichotaka kusema, wala mimi mwenyewe sitakusemea.

Hilo tutalizungumza nikija.

Mkeo,
Mama Zuhura